Staa kaweka injini ya 125 kwenye Honda ya babu yake, mnashangilia mbio. Breki je?

Ile klipu mmeiona. Kama hujaiona basi wiki hii ulikuwa umezima data. Staa mmoja wa tamthilia, jina naliacha kwa sababu mnamjua na kwa sababu mawakili wa mjini siku hizi wana muda mwingi, kaposti kipikipiki cha marehemu babu yake. Ni Honda 70 ya miaka ya 1970, imepigwa rangi ya maziwa na nyekundu, siti ya ngozi ya kahawia, eksozi fupi. Anapiga kiki mara moja tu, kinawaka, halafu anaondoka nacho alfajiri barabara ikiwa nyeupe kama mtu aliyesahau jiko linawaka nyumbani. Chini kaandika: "72 kwenye kadi, 125 kwenye roho." Laiki zikamwagika.

Komenti zikagawanyika pande mbili kama kawaida yetu. Upande mmoja ni wale wa "umekiharibu kitu cha babu, hauna adabu na urithi", wakiongozwa na mtangazaji mmoja wa kike ambaye naye hakulala mpaka kafanya laivu ya nusu saa kumchamba. Upande wa pili ni wale wa "umeua broo", "noma sana", "nipe namba ya fundi". Nimezisoma nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye kazi za kufanya, na katika zote hizo waliouliza kuhusu breki nimewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Vikabaki.

Kwanza hawa wa urithi. Jamani, tulieni. Pikipiki ya zamani ikikaa uani na kuku wanatagia kwenye siti, hapo mnauita urithi? Injini ya miaka hamsini ikishakula ringi inatoa moshi wa bluu, inakunywa oili kama inalipwa, na ukitaka spea ya asili utazunguka Kariakoo mpaka viatu viishe upate ya kuigiza. Zile Honda za zamani nyingi umeme wake ni wa volti 6. Taa yake usiku unaiona wewe tu uliyepanda, lori linalokuja mbele haliioni. Mzee mwenyewe, kwa maelezo ya staa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mkoani, akienda nayo kuchukua mishahara mjini na kurudi na sukari ya familia. Unadhani mtu wa namna hiyo angeambiwa kuna injini mpya inayoingia palepale, ya volti 12, inayowaka bila kusukumwa, angekataa eti kwa sababu ya historia? Angeuliza bei, basi.

Kwa hiyo injini mpya mimi naiunga mkono. Hilo tulimalize.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe, maana naona wengi mnaongea hamjui hata kilichofanyika. Honda hizi ndogo, zile wanazoziita Super Cub, zilianza kuuzwa Japani mwaka 1958. Kampuni yenyewe ilitangaza mwaka 2017 kwamba zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Hakuna chombo cha moto kingine duniani kilichofika hapo, gari lolote unalolijua liweke pembeni. Hazina mkono wa klachi, unakanyaga gia kwa mguu tu, na hadithi inayosimuliwa miaka yote ni kwamba mzee Soichiro Honda alitaka muuza tambi aweze kuendesha kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umebeba sinia la chakula. Kwa lugha nyepesi, ni pikipiki ya kupeleka chakula. Kabla ya programu za kuagiza chipsi kwenye simu, hii ilikuwepo.

Injini yake imelala, silinda inaangalia mbele. Na imening'inizwa kwenye fremu kwa bolti mbili. Mbili! Wachina walipoanza kutengeneza injini zao za umbo hilohilo, za 110, 125 na hata kupita hapo, waliacha matundu ya bolti palepale. Ndiyo maana kuanzia Uingereza mpaka Vietnam vijana wanatoa injini ya 50 au 70 na kuweka ya 125 ndani ya siku moja. Unatoa bolti mbili, unachomoa waya, unafungua cheni, unashusha. Unapandisha mpya, unaunga waya upya, unabadilisha betri na balbu, unaweka kabureta yake, unatafuta spoketi inayoendana, eksozi nayo unaisogeza kidogo. Fundi mzuri anaanza asubuhi, magharibi unaisikia inanguruma. Mtego wenyewe upo hapohapo. Kazi ingekuwa ngumu, ya kuchomelea na kupima wiki tatu, fundi na mwenye pikipiki wangekaa chini wakafikiria na vitu vingine. Sasa ni rahisi, kwa hiyo injini ikiwaka kila mtu anaona kazi imeisha, wanapiga picha.

Kilichobaki cha zamani ni kila kitu kingine. Fremu ni bati lililokunjwa na kuchomelewa, zuri sana kwa kazi iliyokusudiwa, ila lina miaka hamsini na kutu huwa inaanzia ndani usikoona. Matairi ni membamba, karibu na ya baiskeli. Gurudumu la mbele limeshikwa na vikono vifupi badala ya shokapu ndefu unazozijua, na ukibana breki ya mbele kwa nguvu pua ya pikipiki inanyanyuka kidogo badala ya kuzama. Wazee waliozoea wanajua. Wewe uliyetoka kwenye Boxer utashtuka. Na breki zenyewe ni za shuu, ngoma ndogo, mbele na nyuma, zinavutwa na waya na fimbo. Zilitengenezwa kumsimamisha mwalimu na mfuko wa sukari akiwa kwenye mwendo wa hamsini.

Hapa naomba mnipe dakika mbili za hesabu, najua mliikimbia fizikia kidato cha pili lakini hii haiumi. Nguvu ambayo breki inatakiwa kuimaliza haipandi sawasawa na mwendo. Inapanda kwa mwendo kujizidisha wenyewe. Ukitoka 50 kwenda 100 nguvu inakuwa mara nne. Ukitoka 50 kwenda 80, mwendo wa kawaida kabisa kwa 125, unazidisha zaidi ya mara mbili na nusu. Na umbali wa kusimama, kuanzia pale unapokamata breki, nao unarefuka mara mbili na nusu, hapo breki zikiwa nzima kabisa. Halafu ongeza ile sekunde moja ya kushtuka kabla vidole havijafika kwenye mkono wa breki. Kwenye 50 sekunde hiyo imekupeleka kama mita 14. Kwenye 80 ni mita 22. Bajaji ina urefu wa mita mbili na kitu, kwa hiyo kushtuka tu umeshapita bajaji nane au tisa zilizopangwa foleni. Bado hujaanza kubana.

Na shuu zikipata moto zinaanza kuteleza. Zikinyeshewa nazo zina maringo yake. Mwendo wa kisheria kwenye makazi ya watu Tanzania ni 50, najua hamuufuati, nautaja ili mjue babu na Honda yake walikuwa wanaelewana na barabara.

Staa kwenye klipu anasema kafika tisini na tano. Kakisema kile kitu kwa fahari. Nikarudia klipu mara tano natafuta gurudumu la mbele. Ngoma ni ileile, imepigwa rangi mpya nyekundu. Imependeza sana.

Kuna mtu ataniambia "hii ni sanaa, dunia nzima wanafanya". Ndiyo wanafanya, na waliofanya kwa sifa kuliko wote tuwatazame vizuri. London miaka ya 1950 na 1960, vijana wa makoti ya ngozi, wanakesha mgahawa mmoja unaitwa Ace Cafe pembeni ya barabara kuu, wanakimbizana wafikishe maili mia moja kwa saa, kama kilomita 160. Pikipiki yao ya ndoto haikuuzwa dukani. Ilikuwa inaungwa: fremu ya Norton, injini ya Triumph, wakaipa jina la kuunganisha, Triton. Injini iliyotafutwa sana baadaye ilikuwa ile ya Bonneville ya 650 iliyotoka mwaka 1959. Hizi picha za siku hizi za pikipiki za kizamani zenye siti fupi na usukani wa chini, zinazojaa kwenye simu zenu, babu yao ni huyo.

Sasa jiulize kwa nini fremu ya Norton. Kwa sababu ile fremu, waliyoiita Featherbed, iliyotengenezwa na ndugu wawili wa Ireland ya Kaskazini na kuonekana kwenye pikipiki za mashindano mwaka 1950, ilikuwa ndiyo fremu bora ya zama zao. Inatulia kwenye kona. Ilishinda mbio. Na zilipatikana bila injini kwa sababu kulikuwa na watu wa vigari vidogo vya mashindano waliokuwa wananunua Norton nzima ili wang'oe injini tu, fremu zikabaki zinahangaika. Kwa hiyo wale vijana wahuni, wavuta sigara, ambao wazazi wa Uingereza nzima walikuwa wanawalaani, walichukua injini kali wakaiweka kwenye fremu inayoweza kuibeba. Walianza na kinachoshika barabara. Na bado walikufa wengi. Sisi tunachukua pikipiki ya kupeleka tambi, tunaanza na injini, halafu tunaishia kwenye rangi.

Ningeishia hapo ingekuwa ni ubuyu tu wa Jumatano. Ila kuna dogo mmoja wa Buza.

Huyu hana jina mjini, ana miaka ishirini na moja, anamfuata yule staa toka tamthilia ya kwanza. Mjomba wake alimwachia Honda 90 mbovu. Kaona klipu za mwanzo, zile staa alizokuwa anaposti kipindi injini inafungwa, akapagawa. Kakopa, kauza simu, kapata injini ya mtumba ya 125 kwa mtu wa mtu, fundi wa jirani kamfungia kwa siku moja. Bolti mbili, si nilisema. Nimeongea na kaka yake kwa ruhusa yao. Siku ya tatu dogo kashuka mteremko, bajaji ikasimama mbele kushusha abiria, kakamata breki ya mbele na ya nyuma kwa pamoja na anasema mpaka leo kwamba alizikamata zote, ila pikipiki ilikuwa kama haijasikia. Mguu umevunjika sehemu mbili. Kalazwa, kawekewa vyuma. Abiria wa bajaji, mama wa makamo, kaumia bega.

Mama yake dogo ni mama ntilie. Biashara ilifungwa wiki mbili kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anapeleka uji hospitali. Nisiendelee sana hapo, kaka mtu kaomba.

Lakini balaa la karatasi lazima nilisimulie kwa sababu hili hakuna staa atakuambia. Kadi ya pikipiki ina namba ya fremu, ina namba ya injini, ina na ukubwa wa injini. Ukibadilisha injini unatakiwa uende TRA ukabadilishe taarifa, ukiwa na uthibitisho wa ulikoitoa hiyo injini. Dogo hakwenda. Trafiki walipokuja kupima ajali, kadi inasema kitu kimoja, chuma kinasema kingine. Bima nayo imekatwa kwa pikipiki iliyo kwenye kadi, sasa mwenye bajaji anadai gharama zake na watu wa bima wana swali ambalo familia haina jibu lake. Leseni vilevile, madaraja ya pikipiki yanaangalia ukubwa wa injini. Na injini ya mtumba isiyo na risiti? Pikipiki zinaibiwa kila siku mjini hapa na zinachinjwa kama mbuzi wa sikukuu, tenki kwake, rimu kwake, injini kwake. Dogo saizi anaombea namba ile isiwe inatafutwa na mtu. Mpaka naandika hii, pikipiki iko kituoni.

Mwenzake staa kaandika mwenyewe, kwa mkono wake, "72 kwenye kadi, 125 kwenye roho". Yaani kajishtaki mbele ya watu laki kadhaa na tukapiga makofi. Akikutana na trafiki atapiga selfi naye, yataisha. Dogo wa Buza hana sura hiyo ya kuokolewa nayo.

Simsemi staa kwamba ndiye aliyemvunja dogo mguu. Dogo ni mtu mzima, alikamata spana mwenyewe. Nasema hivi: ukishajua watu wanakuiga mpaka namna ya kukata nywele, ukionesha injini, onesha na kilichobaki. Sekunde kumi tu. "Hii breki nimebadilisha, hii fremu imekaguliwa, hii kadi mpya." Zingemfikia yule dogo kama zilivyomfikia zile za eksozi.

Na kibaya zaidi, alishaambiwa. Nilimtafuta fundi. Yule mnayemwombea namba kwenye komenti na staa hajamtagi hata siku moja, kwenye klipu inaonekana mikono yake tu yenye grisi. Ni mtu wa makamo, ana banda lake Ilala, ameshika pikipiki tangu zile za mkono zikiwa bado zinaitwa "Honda" hata kama ni Yamaha. Hakutaka kugombana na mteja, kaongea kwa upole. Kasema alimwambia bosi tuvute siku nne, kuna habu ya mbele ya pikipiki nyingine yenye ngoma kubwa inaingia ukiichonga kidogo, au tuweke shokapu za mbele nzima na diski, na matairi mapana kidogo. Bosi kasema tufanye baadaye, wapiga picha wanakuja Ijumaa. Rangi na siti vikapewa kipaumbele. "Mimi nilimwambia usizidishe sitini mpaka turudi kwenye breki," kasema. "Nikaona tisini na tano kwenye simu ya mwanangu."

Hiyo siti ya ngozi, kwa taarifa yenu, ina gharama kubwa kuliko diski na shokapu za mtumba ukijumlisha. Sitaji bei maana fundi kaomba, ila mahesabu aliniandikia kwenye boksi la plagi nikayaona.

Najua povu linalokuja. "Mbona bodaboda wote wanaendesha hivyo", "we unaogopa pikipiki", "wivu". Bodaboda wengi wanaendesha Boxer na TVS zilizotoka kiwandani na injini yake, breki zake na matairi yake vikiwa vimepimwa pamoja. Wanakufa kwa sababu nyingine, tuna makala yake. Na mimi napanda pikipiki toka nikiwa na miaka kumi na saba, wivu wangu uko kwenye ile rangi tu. Ni nzuri, nakubali.

Mtangazaji wetu wa kike wa laivu ya nusu saa, na wewe nakuona. Ulimchamba mtu kuhusu heshima ya babu, hukugusa ngoma ya mbele hata kwa bahati mbaya. Babu keshapumzika, hadhuriki. Anayeweza kudhurika ni yule anayevuka barabara pale staa anapotafuta kiki yake ya pili.

Pikipiki bado nzuri, na bado inarekebishika. Banda liko palepale Ilala, siku nne ni zilezile. TRA inafunguliwa asubuhi. Kama kuna mtu wake anasoma hapa, na najua mnasoma maana mara ya mwisho mlinipigia simu, mwambieni fundi anamsubiri na hakasiriki.

Sasa nyie wengine, mafundi na wote mnaoshika hizi Honda za 50, 70 na 90, shukeni kwenye komenti na vitu vya maana: hapa mjini ngoma ya mbele mnabadilisha kwa habu ya pikipiki gani, mnachonga wapi, na nani ameshapeleka injini mpya TRA akatoka na kadi iliyobadilishwa, ilimchukua siku ngapi? Wa matusi nitawafuta kama kawaida.